Mstari mweupe kwenye mlango wa kabati: kisa cha jiko moja la Kihesa

Mwezi wa tisa, upepo wa Iringa ulipoanza kurusha vumbi, mwalimu mmoja mstaafu anayekaa Kihesa alinipigia simu akaniambia makabati yake ya jikoni yanalia usiku. Nilimwelewa mara moja. Paneli ya paina iliyobanwa pande zote, ikifika mahali haiwezi tena kuvumilia, hupasuka kwa mlio mkavu kama wa kijiti kinachovunjwa, na nyumba ikiwa kimya mlio huo humwamsha mtu.

Makabati hayo yalikuwa na miezi sita tu. Aliyeyatengeneza namjua vizuri: alikaa kwenye karakana yangu miaka minne, na randa yake ya kwanza nilimnunulia mimi. Kwa hiyo nilipokuwa naelekea Kihesa sikuwa naenda kukagua kazi ya mtu baki.

Nyumba yenyewe ni ya tofali za kuchoma, aliijenga marehemu mume wake. Jiko lilikuwa nje, kama nyumba nyingi za umri huo, na Mwalimu aliamua kulileta ndani kwa kuvunja ukuta wa stoo. Plasta mpya, sakafu mpya, sinki, makabati yenye urefu wa mita nne upande mmoja na kaunta ya mbao juu yake. Kazi ilikuwa na tarehe isiyosogea: sendofu ya binti yake, wiki moja baada ya Pasaka. Anayejua sendofu anajua maana yake. Mashangazi watafungua kila droo.

"Kamwene, fundi," alinipokea mlangoni, na hakunikaribisha kuketi. Alinipeleka moja kwa moja jikoni. "Angalia mwenyewe. Mimi sisemi kitu."

Milango ilikuwa 12. Minane ilikuwa na kasoro. Mitano ilikuwa na ufa ulioshuka katikati ya paneli kutoka juu hadi chini, mitatu imejipinda kiasi kwamba kona ya juu ikigusa kabati, ya chini inabaki imesimama mbele kwa unene wa kidole. Kaunta ilikuwa imeachia kwenye maungio yake yote matatu, na pengo moja lilikuwa limejaa makombo ya mkate na punje za mchele ambazo Mwalimu alikuwa anazitoa kila siku kwa sindano ya kushonea. Alinionyesha hiyo sindano. Ilikuwa imechomekwa kwenye pazia, tayari kwa kesho.

Nikaomba nivute kiti, nikakaa mbele ya milango mizima ile minne. Mlango uliopasuka unakwambia tu kwamba umepasuka. Mlango mzima ndio unaosema kwa nini. Vanishi aliyopaka kijana ilikuwa ya kahawia iliyokolea, na kwenye milango hiyo minne, pale paneli inapoingia kwenye fremu, kulikuwa na mstari mweupe uliosimama kushoto na kulia, usioguswa na vanishi. Juu na chini haukuwepo. Mstari ule ni sehemu ya paneli iliyokuwa imefichwa ndani ya mfereji wa fremu siku ya kupaka. Paneli ilisinyaa, ikatoka mafichoni, ikaonyesha ngozi yake ya asili. Milango hii ilisalimika kwa bahati: gundi ilikuwa haikushika vizuri, ikaiachia paneli itembee. Ile mitano iliyopasuka gundi ilishika sawasawa, na misumari midogo ikaongezwa kwa nyuma. Ubao ukitaka kusinyaa na umefungwa kushoto na kulia, hauna pengine pa kwenda ila kupasuka.

Kwamba mstari ulikuwa ubavuni tu ni jambo la kulishika. Ubao hausinyai kwa urefu, au husinyaa kidogo mno hata futi isione. Husinyaa kwa upana. Mti ni kama fungu la mirija myembamba iliyolala pamoja. Mirija ikikauka inakuwa myembamba, haiwi mifupi. Na maji ndani ya mti yako ya namna mbili. Kuna yanayojaza matundu, hayo hutoka kwanza, na yakitoka ubao unapungua uzito bila kubadilika umbo. Kuna yaliyonyonywa na kuta za mirija yenyewe. Haya huanza kutoka kiwango cha maji kinaposhuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa ubao mkavu, na hapo ndipo kusinyaa kunapoanza. Ndiyo maana ubao unaweza kukaa wiki mbili juani, ukawa mwepesi mkononi, ukamdanganya mnunuzi kwamba umekauka, kumbe safari yake ya kubadilika umbo ndiyo kwanza inaanza.

Maelezo niliyopewa siku ile yalikuwa matatu. Mwalimu alisema kijana amelipua kazi. Kijana, alipofika jioni na kunipa shikamoo bila kuniangalia usoni, alisema paina ndivyo ilivyo, haifai kwa makabati. Na kaka wa binti aliyeolewa, aliyekuwa kwenye simu kutoka Dar es Salaam, alisema zing'olewe zote ziwekwe MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mti ulioshindiliwa kwa gundi, mjadala uishe.

Nilianza na hilo la kulipua kazi kwa sababu lilikuwa linaniuma. Nikachomoa droo moja. Maungio yalikuwa ya meno yaliyokatwa kwa mkono, yamebana, hayana hata unga wa mbao wa kujazia. Fremu za milango zilikuwa za ulimi na tundu, pembe mraba. Mtu anayelipua hafanyi hivyo sehemu ambayo mteja hataitazama. Nilimwambia Mwalimu hivyo mbele ya kijana, na naamini ilikuwa haki kulisema kabla ya mengine.

Kisha nikataka kujua mbao zilikuwa na maji kiasi gani siku ya kufungwa. Miezi sita imepita, zimekwisha kukauka. Ungepimaje kitu ambacho hakipo tena? Kaunta ilinisaidia. Kijana aliikata kwa upana wa sentimita 60 kamili, na kwa kuwa ilifungwa kwa skrubu nyuma kwenye ukuta na mbele kwenye fremu, kingo zake hazikusogea. Nikapima ubao mmoja mmoja, zote nne, nikajumlisha: sentimita 58.4. Milimita 16 zilikuwa zimegeuka kuwa mapengo. Hiyo ni asilimia 2.7 ya upana. Paina iliyopasuliwa kwa ubapa, yaani duara za mti zimelala ukiutazama ubao kichwani, kama hizi zilivyokuwa, hupoteza karibu robo ya asilimia ya upana wake kwa kila pointi moja ya maji inayotoka, yaani kiwango cha maji kikishuka kwa asilimia moja. Kwa hiyo zilitoka pointi 11 hivi.

Tulikata kipande kidogo kwenye reli ya nyuma isiyoonekana. Mwalimu ana mizani ya keki: gramu 134. Tukakiweka kwenye oveni yake kwenye nyuzi mia moja na kidogo, tukawa tunakipima kila saa hadi uzito ulipogoma kushuka: gramu 120. Gramu 14 za maji juu ya 120 za ubao mkavu, karibu asilimia 12. Hicho ndicho kiwango ambacho hewa ya Iringa ya kiangazi hukiruhusu, sikukishangaa. Jumlisha na zile pointi 11, unapata kwamba siku kaunta inafungwa ilikuwa na asilimia 22 au 23. Samani ya ndani kwa mji huu inatakiwa ifungwe ikiwa 12 hadi 14.

Nikamwambia kijana anihesabie siku, si kama mshtakiwa, kama fundi. Mbao zilipasuliwa kwa dingdong, mashine ndogo ya kupasulia magogo, huko Mufindi katikati ya masika. Mafinga, ambako zilinunuliwa, ni kilomita 80 hivi kutoka hapa kwa barabara ya Mbeya, na ndiko mbao za paina za nchi hii zinakotoka kwa wingi kwa sababu ya Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali, na mashamba ya watu binafsi yaliyolizunguka. Zilipakiwa zikiwa zimelowa. Zilishushwa nje ya banda lake, zikafunikwa na turubai, jambo ambalo ni sawa na kuzifunga kwenye mfuko. Siku ya tano akaanza kuranda. Wiki ya tatu akafunga. Plasta ya ukuta ilikuwa na siku tisa.

Plasta ile ina sehemu yake. Ukuta mpya hutoa maji kwa wiki nyingi, na migongo ya makabati iligusishwa nao bila nafasi. Juu ya hapo, milango ilipakwa vanishi upande wa nje tu. Ndani iliachwa bila vanishi ili kuokoa kopo moja. Upande uliopakwa unabadilishana maji na hewa taratibu, usiopakwa haraka. Uso mmoja unasinyaa kabla ya mwenzake, na mlango unakunjika kuelekea ule unaokauka upesi. Hii ndiyo ilikuwa hadithi ya milango miwili kati ya ile mitatu iliyopinda. Wa tatu ulikuwa na sababu yake: nilipoangalia kichwa cha ubao wa fremu nikaona duara za mwaka pana kama kidole na moyo wa mti umepita katikati. Mti uliokatwa ungali mdogo. Nyuzi karibu na moyo huzunguka kama kamba iliyosokotwa, na ubao wa namna hiyo ukikauka unajisokota, hata ukiukausha mwaka mzima kwa upole wote. Wakulima wetu wengi huuza miti mapema kwa sababu ada za shule hazisubiri, siwalaumu. Lakini fundi anaweza kuchagua. Ubao wenye moyo unafaa kwa boriti fupi, haufai kwa fremu ya mlango.

Nilikuta na kitu kingine ambacho hakikuhusiana na nyufa, nikakiondoa siku hiyohiyo. Rafu mbili za kabati la vyakula zilikuwa na rangi ya kijani iliyofifia. Ni mbao za dawa, zilizobaki kwenye paa. Dawa ile ina shaba, kromi na arseniki, na imewekwa kwa ajili ya mchwa na uozo wa nje. Haina kazi karibu na unga wa ugali. Nilimwomba Mwalimu pia asizichome kuni, kwa sababu moshi na majivu yake ni hatari kuliko mbao zenyewe. Kijana alikuwa hajui. Aliona mbao nzuri zinakaa bure.

Sasa paina. Ni kweli mninga una tabia njema zaidi. Husinyaa kidogo sana, ndiyo maana wazee walifanya milango ya mninga ambayo mpaka leo inafunga bila kugusa. Lakini mninga hukua taratibu kwenye miombo, umekatwa mno, na bei yake si ya jiko la mstaafu. Paina tunayo mlangoni. Meza ninayoandikia ni ya paina, ina miaka 19, haina ufa. Kuitupia paina lawama ni kukimbia swali.

Na MDF nilimweleza yule kaka kwa heshima. Ni kweli haisinyai namna hii, na kwa milango ya kupaka rangi, mahali pakavu, naitumia mwenyewe. Ila makabati haya yanashika sinki. Maji yakipenya kwenye ukingo uliokatwa, MDF inavimba kama mkate, na ikivimba hairudi. Ubao ukilowa unavimba, ukikauka unarudi, na ukikwaruzika unarandwa. Mama yake anaosha vyombo kwa mkono kila siku. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa, mzee, wewe ndiye unayeona."

Jioni hiyo tulikaa watatu. Mwalimu aliuliza swali alilokuwa analishikilia tangu asubuhi: nani analipa? Kijana akasema, kwa sauti ya chini, kwamba aliambiwa wiki tatu, na angesema miezi mitatu kazi ingeenda kwa mwingine. Mwalimu akasema hakuna aliyemwambia mbao zinahitaji miezi. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na nilipowasikiliza nikagundua kwamba lipo la kwangu pia.

Miaka minne aliyokaa kwangu, kijana hakuwahi kugusa ubao mbichi. Mimi hununua mbao mwaka mmoja kabla. Zinakaa nyuma ya banda, mimi ndiye ninayezigeuza, asubuhi kabla vijana hawajafika. Wanachokutana nacho wao ni ubao uliokwisha tulia, tayari kwa randa. Alijifunza kuunga kuliko hata mimi nilivyokuwa umri wake, na nusu ya kwanza ya kazi hakuiona kamwe, kwa hiyo alipofungua banda lake aliamini ubao unaanzia kwenye randa. Nilimwambia hayo mbele ya Mwalimu. Hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Tukakubaliana: yeye atoe ufundi bila malipo, Mwalimu anunue mbao, mimi nitoe banda na muda wa kusimamia. Masanduku ya makabati yabaki, kwa kuwa yalikuwa mazima. Milango yote irudiwe, kaunta ivunjwe na kuungwa upya kwa mbao zilezile ambazo sasa zilikuwa zimekauka vizuri kuliko mbao yoyote utakayoinunua sokoni. Upana uliopotea aliufidia kwa kipande chembamba mbele.

Safari hii tulikwenda Mafinga pamoja. Nilimwacha achague, nikawa nasema hapana. Tulitaka mbao ambazo duara zake, ukizitazama kichwani, zimesimama badala ya kulala, kwa sababu ubao wa namna hiyo husinyaa karibu nusu tu ya ule wa ubapa. Kwenye rundo la mia unapata labda kumi. Mwenye mbao alichoka nasi. Tulizileta, tukapaka vichwa rangi ya mafuta ili zisikauke haraka mwishoni na kuchanika, tukazipanga juu ya matofali, futi moja na nusu kutoka chini, kila safu ikitenganishwa na vijiti vya inchi moja, kijiti juu ya kijiti kwa mstari mmoja, bati juu na mawe juu ya bati. Ubavu wa rundo ukaangalia upepo. Vijiti visiponyooka kwa mstari, uzito wa juu unaikunja safu ya chini, na utakuwa umekausha mbao zilizopinda.

Tangu wiki ya mwisho ya mwezi wa tisa hadi mwanzo wa Desemba kijana alikuja kila Jumamosi na mizani ya Mwalimu, akapima ubao mmoja uleule na kuandika uzito kwenye bati kwa chaki. Mwanzo ulikuwa unashuka kwa kasi. Mwezi wa kumi na moja ukapunguza mwendo, kisha ukasimama. Wiki mbili za mwisho tuliziingiza jikoni kwa Mwalimu, zikaegemea ukuta, ili zizoee hewa ya pale zitakapoishi.

Hilo la kuzoea nimelilipia. Niliwahi kupeleka mlango Tukuyu, ubao mkavu kabisa wa Iringa, nikaufunga Oktoba kwa nafasi ya milimita mbili. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, huku kwetu hazifiki 800. Mwezi wa nne mteja alikuwa anaingia nyumbani kwake kwa kusukuma kwa bega. Nikaenda, nikauranda, na kiangazi kilichofuata mwanga ukawa unapita pembeni. Ubao haukauki mara moja ukamaliza. Unafuata hewa maisha yake yote. Kazi ya fundi ni kuuachia nafasi ya kufanya hivyo.

Milango mipya ina fremu zilezile za ulimi na tundu, ila paneli zimeingia kwenye mfereji bila gundi, zikishikwa katikati tu, juu na chini, kwa kijiti kimoja kimoja. Kila ubavu una milimita nne za bure ndani ya mfereji, na paneli zilipakwa vanishi nyuso zote na kingo kabla ya kuingizwa, kwa hiyo zikitembea hazitaonyesha mstari mweupe. Kaunta imefungwa kwa skrubu za nyuma imara, za mbele zimo kwenye matundu marefu yanayoiruhusu isogee. Nyuma ya makabati kuna nafasi ya sentimita mbili, na chini yamenyanyuliwa juu ya kitako ili maji ya kudeki yasiyafikie.

Ndani ya mlango wa tatu kijana alichora mistari miwili ya penseli, mmoja kwenye paneli na mmoja kwenye fremu, ikikutana. Februari, mvua zikiwa zimeshiba, Mwalimu aliniita nione: mstari wa paneli ulikuwa umeingia chini ya fremu kwa chini kidogo ya milimita moja. Alikuwa ameandika tarehe pembeni kwa mwandiko wake wa ubaoni. Oktoba iliyofuata ulikuwa umerudi. Kijana naye alikuwepo, amekuja kwa shughuli nyingine mtaani. Aliinama, akaugusa kwa ukucha, kisha akamwomba Mwalimu kalamu aandike tarehe hiyo mwenyewe.